Karafuu za Hamu

Harufu ya karafuu ikikutana na sukari inayoanza kuungua hunirudisha Barking, London, ghorofa ya tatu ya jengo la matofali mekundu, jikoni kwetu, ambako dirisha lilitoa jasho kutwa nzima wakati wa baridi. Nilikuwa msichana wa miaka minane. Nilichora nyumba kwa kidole kwenye ukungu wa kile kioo, na kupitia mistari ya nyumba hizo niliona taa za barabarani zikiwaka wakati mchana haujaisha vizuri. Mpaka leo nikiikumbuka ile miaka ya tisini naiona hivyo hivyo, nyuma ya mvuke, kila kitu kikiwa laini na hakina kingo.

Tulikuwa wawili, mimi na Mama. Baba alikuwa bado Nakuru akingoja viza, na kila tulipompigia simu alisema itatoka mwezi ujao. Mama alifanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha, na zamu zake hazikuwa na adabu: mara alfajiri, mara usiku, mara Jumapili. Asipokuwapo, nilikaa kwa Bi Asha, mlango unaotazamana na wetu. Bi Asha alikuwa Mpemba aliyetoka kwao akiwa kigori na hakuwahi kurudi. Alinilisha, akanisuka, akanisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiingereza, na wala hakuchoka. Bila yeye Mama asingeweza kushika kazi hata wiki moja. Hilo nililijua hata kwa umri wangu, kwa jinsi Mama alivyoshusha sauti kila alipomtaja.

Krismasi ya mwaka ule meneja wa Mama alimpa zawadi ya ham, paja zima la nguruwe lililotiwa chumvi na kuchemshwa. Mama hakuwahi kupika kitu kama hicho. Kwetu Krismasi ilikuwa mbuzi na chapati. Mwenzake wa kazini akamwelekeza: uchemshe sukari ya kahawia na maji ya machungwa na haradali kidogo mpaka viwe vizito, upake juu ya nyama iliyochomekwa karafuu, kisha uirudishe kwenye oveni ing'ae. Wenyewe huiita glaze. Mama neno hilo alilijua kwa madirisha tu, maana hapakukosa kijana wa kubisha hodi akiuza double glazing, na siku hiyo alicheka peke yake kwenye basi njia nzima akiwaza nyama iliyotiwa vioo viwili.

Sukari tulikuwa nayo, machungwa pia. Karafuu ndizo hatukuwa nazo. Bi Asha alikuwa na chupa ya kahawa iliyojaa karafuu, alizoletewa na jamaa kutoka shamba la marehemu baba yake. Hakuzitumia ovyo. Siku nyingine alifungua kifuniko, akanusa, akafunga, akaendelea na cherehani yake. Mama alisimama kitambo akiutazama mlango wetu, kisha akanituma.

"Mwambie ukweli, Njeri," alisema. "Mwambie ni za ham. Akikataa, sema asante urudi."

Nikavuka ukumbi. "Mama anaomba karafuu," nilisema, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. "Ni za ham."

"Hamu?" Bi Asha aliacha kushona. "Hamu ya nini, mwanangu?"

"Ya Christmas."

Alinitazama, macho yakamjaa machozi. Sikuelewa kwa nini nyama ya Krismasi imlize mtu. "Maskini mamako," alisema. "Na mumewe yuko mbali. Mie hamu naijua. Hebu twende." Akajitanda kanga, akaichukua chupa nzima.

Aliingia kwetu mikono wazi, tayari kumkumbatia Mama, na hapo akaliona lile paja mezani, la rangi ya waridi, limelowa. Akakwama mlangoni mwa jikoni, chupa ameibana kifuani. Nilisikia mabomba ya joto yakigonga ukutani.

"Bi Asha, ni nguruwe," Mama alisema. "Nilimwambia huyu mtoto akwambie. Ni ham. Manager ndiye amenipea."

"Ham," Bi Asha alirudia polepole. "Si hamu."

"Si hamu. Pole sana. Nitaitoa, naweza kuipatia mtu hata saa hii."

Niliogopa. Nilijiona nikikaa peke yangu, ufunguo shingoni, kila Mama akiwa kazini. Bi Asha alilitazama paja, akamtazama Mama, ambaye bado alikuwa na sare ya kazi na miguu imemvimba.

"Huyo mnyama wako simli wala simgusi," alisema. "Na jikoni mwako leo siingii. Lakini hamu unayo, au huna?"

Mama akakaa kitini akalia kwa sauti, nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. "Ninayo," alisema. "Ninayo, Bi Asha, mpaka silali."

"Basi njoo kwangu."

Jikoni kwake, Mama akamweleza ile glaze. Bi Asha akaangua kicheko. "Ati glaze! Si shira tu hii!" Ilikuwa shira ile ile aliyozoea kumwagia kaimati. Akabandika sufuria yake, akatia sukari, maji ya machungwa na karafuu, akawa anavuta tone kati ya vidole viwili mpaka lifanye uzi. Alisimulia karafuu zinavyoanikwa juu ya majamvi, na Mama akasimulia baridi ya asubuhi Nakuru na moshi wa kuni. Mimi nilijilaza kwenye zulia, nusu usingizini, nikisikia Pemba na Nakuru zikichanganyika na mvuke, nikidhani ni mji mmoja.

Shira ilipoiva aliigawa. Nusu aliiacha ya kaimati zake. Nusu aliimimina kwenye bakuli letu kutoka juu, sufuria isiguse, na karafuu akammiminia Mama kiganjani. "Haradali yako katie huko huko kwako," alisema. Kesho yake alikuja mezani petu na sahani yake na kuku wake, tukala pamoja. Ham yetu iliungua mgongoni. Ilikuwa tamu.

Baba alifika mwaka uliofuata. Siku hizi yeye na Mama wamerudi Nakuru, na Bi Asha tulimzika huku huku London, karafuu chache zikiwa zimebaki chupani. Ham ninazonunua huja na glaze yake kwenye kipakiti. Nakitupa, napika shira. Madirisha yangu ni ya vioo viwili, hayatoi jasho, na anayekaa mlango wa pili simjui jina. Kila Krismasi Mama hupiga simu kuniuliza alivyoulizwa yeye: hamu unayo, au huna? Miaka yote nilikuwa nacheka, nasema sina. Krismasi iliyopita nilitaka kusema hivyo hivyo, nikashindwa. Nikakaa kitini, shira ikiungua nyuma yangu, nikamwambia, "Ninayo, Mama."