Nilivyounguza Mbalaga Ili Mzee Akumbuke

Nimeishi na baba mkwe wangu kwenye kiwanja kimoja, Kawetele, miaka kumi na tisa bila kumtazama usoni. Hatukugombana. Ni mila yetu Wanyakyusa: mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani, mwanamke ndiye anayejitosa migombani, hata mvua ikiwa inamwagika. Majirani wengi wameshaachana na mambo hayo, siku hizi wanakula na wakwe zao huku wanabishana habari za mpira. Mzee wetu hakuachana nayo. Mimi nilikuwa naifahamu migongo ya viatu vyake vya mvua, basi.

Mume wangu anaendesha lori la ndizi. Wiki mbili yuko barabarani, siku mbili yuko nyumbani, na hizo siku mbili analala. Watoto wako bweni. Kwa hiyo mama mkwe alipofariki, tulibaki watu wawili tusioonana, na ng'ombe.

Ng'ombe ndiye aliyekuwa mkalimani. Jiko langu ni la mabanzi yenye mianya, na yeye alikuwa anafungwa nje yake. Mzee akitaka kusema jambo alisogeza kigoda pale nje, akamwambia ng'ombe: "Mwambie mwalimu chumvi imezidi." Mwalimu ndiye mimi. Nami huko ndani nilimjibu ng'ombe huyo huyo: "Mwambie baba leo sijaweka chumvi kabisa." Ng'ombe aliendelea kucheua. Shuleni kwetu walimu wenzangu walinitania kwamba mwakani ng'ombe huyo tumsajili mtihani wa darasa la saba.

Sasa, asubuhi moja mzee akasema: "Mwambie mwalimu sura ya mke wangu imenitoka. Naitafuta, siioni."

Niliiweka chini ndizi niliyokuwa namenya. Alikuwa ameshaanza kusahau vitu: panga, siku ya soko, kama amekula. Hayo tulikuwa tunayacheka. Hili halikuchekesha hata kidogo, maana sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu.

Nikamwambia ng'ombe amwambie baba aangalie picha. Mama mkwe alikuwa na picha moja tu maishani, amepiga na akina mama wenzake wa kanisani. Wako ishirini na kitu, wote kitenge kimoja, wote kilemba kimoja, wote wamenuna kama walioambiwa picha ni dhambi. Mzee akaileta, na mimi nikaanza kumwelekeza kupitia ukuta.

"Mstari wa pili, wa tatu kutoka kulia."

"Kulia kwangu au kulia kwake?"

"Kulia kwa picha!"

"Picha ina mkono?"

Mungu wangu. Tulimaliza saa nzima hivyo. Mwisho akashukuru, "ndaga fijo," akaenda zake. Kesho yake akamsimulia ng'ombe sura aliyoiona, nikagundua amemchagua mama mwingine kabisa, tena mama huyo yuko hai, anauza maparachichi pale Bagamoyo, mtaa wa hapa mjini kwetu. Mzee alikuwa anamwombea apumzike kwa amani.

Hapo nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa nafundisha. Nimefundisha darasa la nne miaka mingi, najua kumbukumbu inavyojengwa. Ukimpa mtoto jibu mara kumi, ataitikia mara kumi, na kesho hana kitu. Muulize, mwache ahangaike, alichimbue mwenyewe: hilo linakaa. Kisha muulize tena kesho, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki, kila mara akiwa anakaribia kulisahau. Na ukilifunga jambo kwenye harufu au wimbo au mahali, unakuwa umelitobolea milango mingi ya kutokea. Kwa hiyo picha nikaipiga marufuku. Nikaanza maswali.

"Muulize baba: mama alikuwa anapika nini vizuri?"

"Mwambie mwalimu hakuna."

Nikacheka mpaka kisu kikaniponyoka, kwa sababu ni kweli tupu. Marehemu alikuwa mwanamke wa watu, mkarimu, lakini mbalaga zake, hizi ndizi zetu za kupika, hazikuwahi kuiva bila kuungua. Aliweka ndizi jikoni, akaenda kuongea na jirani, akarudi sufuria inalia. Na sisi tulikula miaka yote tukisifia.

Basi nami nikaanza kuunguza. Kila asubuhi ya somo niliacha sufuria ishike chini, moshi ukapita kwenye mianya, nami nikauliza. Jamani, ilifanya kazi! Siku ya kwanza alikumbuka mwiko wa mkewe uliovunjika mpini. Siku ya tatu akakumbuka alivyokuwa anakwangua ukoko huku anaimba, na kwamba hakujua ubeti wa pili wa wimbo wowote. Wiki iliyofuata akakumbuka pengo la jino na jinsi alivyolifunika kwa kidole akicheka. Alikuwa ananisimulia moja kwa moja, ng'ombe tumeshamsahau.

Gharama niliilipa mimi. Mtaa mzima ulienea habari kwamba mwalimu hajui kupika. Jirani mmoja alikuja, akanusa, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, njoo kwangu nikuonyeshe moto mdogo unavyowashwa." Mume wangu alirudi safari, akala vijiko viwili, akasema ana usingizi. Niliendelea kuunguza, ila moyoni nilikuwa nawatukana wote.

Halafu ikafika asubuhi moja ya ukungu. Sufuria inatoa moshi, mimi nimeinama nachochea, mlango ukasukumwa. Mzee akaingia. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana, akanitazama machoni.

Nilitafuta pa kukimbilia. Jiko lina mlango mmoja, na yeye amekaa kati yangu na huo mlango.

"Umeunguza tena, mama," akasema, na akatabasamu.

Nikaelewa. Nilikuwa nimemfundisha vizuri kupita kiasi. Mila ilikuwa imemtoka yote, na moshi ulikuwa umemrudishia mke, na mke alikuwa mimi. Ningemwambia ukweli angeona aibu ya kufa, mtu aliyejichunga miaka yote hiyo.

Akanishika mkono. "Nisamehe. Sura yako ilikuwa imenipotea. Nilikutafuta, nikaogopa sana."

"Nimekusamehe," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Na wewe? Mimi bado unanikumbuka?"

Ndipo nikainua macho. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Mume wangu amechukua paji lile lile, na mwanangu wa mwisho yale masikio. Nyusi zimebaki nyeusi, nywele zote nyeupe. Vyote hivyo nilikuwa sivijui.

"Nakukumbuka vizuri sana," nikamwambia, nikaendelea kumtazama, polepole, kila mahali, ili iwe kweli.