Kisu Hakinolewi Mbele ya Mbuzi

Sie tuliokulia Temeke enzi za Ujamaa, sukari ya foleni na ugali wa unga wa njano, tulijua mambo ambayo hayakuandikwa ubaoni. Mie shule yenyewe niliiacha darasa la tano, na leo nina mabucha matatu. Wenye vyeti wanakuja kuniomba kazi. Kwa hiyo nikisema mnyama anajua, nisikilizeni.

Baba alikuwa mchinjaji wa mtaa. Kisu alikinoaga uani, mlango umefungwa. "Mbuzi asikione," basi, hasemi zaidi. Mie nikaingiwa na shaka. Mtu mzima na ndevu zake anamficha mbuzi kisu? Kuna jambo hapa.

Mwaka huo tulikuwa na beberu wa Idd, tukimwita Sajenti kwa kutembea kifua mbele. Nilimlisha maganda ya muhogo mkononi, ananilamba hadi kiwiko. Rafiki yangu Shaibu akanicheka.

"Wee, ule ni mchuzi unaotembea! Mbuzi anajua nini?"

"Anajua kila kitu."

"Thibitisha basi, muongo mkubwa!"

Siku ya kuamkia Idd, Baba akiwa msikitini, nikachukua kisu na jiwe, nikachuchumaa mbele ya Sajenti, Shaibu akiwa kando yangu. Nikanoa. Kwanza akaendelea kutafuna. Halafu taya zikasimama, ganda linaning'inia mdomoni. Akanitazama mie, si kisu.

"Acha bwana," Shaibu akasema. "Acha."

Baba akatukuta. Hakunipiga, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Umeshamwambia," alisema. "Sasa mie nitamchinja vipi mtu aliyeambiwa?"

Idd ile tulikula maharage, wageni wamenuna. Sajenti akabaki hai. Lakini kila nikimnyooshea maganda alirudi nyuma hatua mbili, akangoja niyaweke chini, niondoke. Hakunilamba tena.

Siku hizi mjukuu wangu ananiambia simu yake ina hisia, eti ukiiambia umefiwa inakupa pole. Nikaiinulia nyundo, nione kama itaogopa. Ikaniuliza inisaidie nini! Siiamini hata kidogo. Enzi zetu chenye kuhisi hakikukupa pole, kilikukwepa.

Vijana wangu nao wanataka kunoa visu palepale zizini, kuokoa muda. Nikikataa wananicheka: mzee anawaonea mbuzi haya. Nawaacha wacheke. Mlango wa chumba cha kunolea naufunga mwenyewe, kisha nausukuma tena kuhakikisha.