Tikiti Mbili za Jumatano

Kuna asubuhi moja ya Januari ambayo bado ninaishi nayo, mwanangu, na leo nataka uisikie kutoka kinywani mwangu. Nakuona ukinunua tikiti kwa simu. Maandishi marefu yanatokea, wewe unabonyeza "nakubali" kabla hata macho hayajafika mstari wa pili, kisha unarudisha simu mfukoni. Sikucheki. Mimi nilifanya hivyohivyo bila simu, mbele ya mtu aliyekuwa tayari kunieleza kwa mdomo wake, na aliyelipia si mimi.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja. Tulikaa Nkanka, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, mimi na baba yangu, Mzee Bahizi. Wazazi wangu walitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukavu, Kongo, na baba alikuwa amevunja mawe miaka mingi kwenye machimbo ya Muganza mpaka magoti yakamkatalia. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mimi nilimaliza sekondari, kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumbani, ya kanisa, ya hospitali au ya ofisi, nililetewa mimi. Majirani nao walileta zao. Nilizoea kuitwa mtu anayejua, na ukizoea jina hilo unaanza kuliogopea.

Nilikuwa na dada mmoja, mkubwa wangu, jina lake Riziki. Alipotaka kuolewa na kijana wa Kigali ambaye baba hakumjua ukoo wake, baba alikataa. Riziki akaolewa hivyohivyo. Siku anaondoka, baba alisimama mlangoni akamwambia asirudi tena maadamu yeye baba bado yu hai. Nilikuwepo. Riziki alichukua sanduku lake akashuka njia bila kugeuka. Ikapita miaka tisa. Watoto wawili walizaliwa huko na babu yao hakuwaona. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki, na mimi, aibu yangu, sikujaribu kuwapatanisha. Nilisema ni mambo ya wakubwa.

Ndipo habari ikaja kwamba mume wa Riziki, aliyekuwa ametangulia Kanada, amewaita yeye na watoto. Wataondoka Alhamisi ya juma la pili la Januari. Riziki alinipigia kwa simu ya jirani yetu, kwa maana sisi hatukuwa nayo. Nilipomwambia baba, hakumaliza chakula chake. Kisha akaniambia nimpeleke Kigali. Nikamwambia anaweza kuongea na Riziki kwa simu, jirani hatakataa.

"Hapana," akasema. "Nilimutukana nikiwa namwangalia mu macho. Na kumuomba musamaha, lazima nimwangalie."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akitamka neno msamaha nje ya sala.

Kesho yake nilipanda mpaka mji wa Kamembe kununua tikiti. Kulikuwa na ajansi moja ya mabasi, jina lake halina maana hapa, ambayo iliuza tikiti za namna mbili. Msichana aliyekuwa dirishani alianza kunieleza, na alieleza vizuri. Alisema ile ya bei ya chini ni ya siku moja na saa moja tu, ukiikosa imekufa. Ile ya bei ya juu inaweza kusogezwa mbele au nyuma. Tena akaongeza kwamba juma hilo ni la wanafunzi kurudi shuleni, na siku hizo zina sheria zake. Alikuwa anafika hapo, kwenye hizo sheria, nilipogeuka nikamwona mwalimu wangu wa zamani kwenye mstari, watu wawili nyuma yangu. Alinitabasamia. Nikaona haya, mwanangu. Niliona haya kufundishwa tikiti kama mtu aliyeshuka mlimani jana.

Nikamwambia yule msichana, "Najua, dada, najua. Nipe mbili za Jumatano, saa moja asubuhi. Hii ya chini inatosha."

Aliniuliza kama nina hakika. Nikachukua karatasi zangu. Nyuma ya tikiti kulikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa, ambayo ningeweza kuyasoma. Sikuyasoma. Nilimsalimia mwalimu, tukaongea habari za siasa, nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Jumatatu saa sita mchana, mke wa jirani akaja mbio na simu mkononi. Aliyekuwa kwenye simu ni Riziki. Safari ilikuwa imewahishwa kwa siku moja: ndege itaruka Jumatano saa sita mchana, na asubuhi mapema wanatakiwa wawe uwanjani. "Muje kesho," akasema. "Mwambie Papa ninamungojea." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, tikiti ni kitu cha kubadilisha tu; maneno ya yule msichana yalikuwa yamekwisha kunitoka.

Ningeweza kupanda Kamembe mchana uleule. Jua lilikuwa bado juu. Lakini nilikuwa napalilia mihogo, nikasema kesho asubuhi tutakwenda moja kwa moja na mizigo yetu, tubadilishe palepale na kupanda. Baba aliniuliza mara mbili kama haitakuwa na shida. Mara mbili nikamwambia hapana.

Jumanne alivaa koti lake la kanisani. Alibeba mwenyewe kifurushi cha sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, kwa ajili ya wajukuu, hakutaka nimsaidie. Tulipofika kwenye uwanja wa ajansi sikuamini. Wanafunzi walijaa kila mahali, na magodoro yamekunjwa, na masanduku ya bati, na akina mama wanaita majina. Nilipenya mpaka dirishani. Alikuwa msichana yuleyule.

Aliziangalia tikiti zangu, akanirudishia. Akasema hizi ni za kesho, na za namna hii hazibadilishwi. Hata zile za juu, juma hili la wanafunzi, zilitakiwa kuletwa mchana wa siku moja kabla ya safari unayoitaka, na mchana huo ulikwisha jana. Nikaomba kununua mpya. Viti vyote vilivyobaki mpaka Alhamisi vilikuwa vimewekewa wanafunzi, kwa amri ya serikali. Nikaanza kupandisha sauti. Nikasema hakuna aliyenieleza.

Hakukasirika. Alisema polepole, "Nilikuelezea, papa. Ulisema unajua."

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshikilia fimbo yake. Alisikia.

Nilizunguka ajansi nyingine zote za Kamembe. Jibu lilikuwa moja. Niliporudi nilimkuta baba ameketi juu ya sanduku la mwanafunzi, anaongea na mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani, aliyekuwa anawasindikiza watoto wake wawili shuleni. Baba alikuwa amekwisha kumwambia yote, habari za Riziki na ile miaka tisa. Mambo ambayo mimi sikuyasema kwa mtu, yeye alimwambia mgeni.

Yule mama akanigeukia. "Mimi nitabaki," akasema. "Muzee achukue kiti yangu. Binti yangu iko mukubwa, atamushika muzuri mpaka Kigali, stendi ya Nyabugogo. Hapo dada yako atamupokea."

Msichana wa dirishani alikubali. Basi lilikuwa linawashwa. Baba alinyanyuka, akanitazama, akauliza, "Niende?"

Aliniuliza mimi, mwanangu, kwa sababu kwa miaka yote mambo ya karatasi na safari aliyaacha mikononi mwangu. Na mimi nilisema hapana. Nilimwambia magoti yake hayatavumilia bila mtu wake, na kwamba kabla ya mchana nitapata viti viwili. Nilisema kwa sauti ya huruma. Ukweli ni kwamba nilimwona akilini Riziki kule Nyabugogo, akimwona baba anashushwa na mtoto wa wenyewe, akiuliza mimi niko wapi, na baba akieleza. Sikutaka aeleze.

Baba akaketi tena. Yule mama alinitazama kidogo, akapanda basi na watoto wake.

Tulingoja mpaka saa kumi na moja jioni. Hakuna kilichopatikana.

Jumatano saa moja asubuhi tulipanda kwa zile tikiti zetu, na viti vyetu vilikuwa vizuri, karibu na dirisha. Msituni Nyungwe ukungu ulikuwa mzito na dereva alikwenda taratibu. Baba hakuuliza saa. Mimi niliangalia saa yangu kila kona, na saa sita ilipofika tulikuwa bado tuko njiani. Nilifunika saa kwa mkono wa shati. Baba akasema, bila kunigeukia, "Sasa njo anapanda ndege."

Tulikwenda hata hivyo mpaka nyumba aliyokuwa amepanga Riziki. Mwenye nyumba, mjane mmoja mpole, alitufungulia. Akatuambia kwamba Riziki alikuwa Nyabugogo siku nzima ya jana na watoto, akikagua kila basi lililotoka kwetu Rusizi, na aliporudi jioni hakula. Baba akaomba aonyeshwe chumba walichokuwa wanalala. Kilikuwa kimefagiwa. Aliketi juu ya kitanda kisicho na godoro, kile kifurushi kikiwa mapajani, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akampa yule mjane sambaza zote, akamshukuru, tukatoka.

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Siku tunarudi, tulipokwisha kupita msitu na ziwa likaanza kuonekana chini, ndipo aliponiambia maneno niliyobaki nayo.

"Miye sikusoma, njo maana ninaulizaka kila kitu. Weye ulisoma. Basi uliogopa kuuliza nini?"

Niliangalia ziwa mpaka tukafika Kamembe.

Baba aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo. Aliongea na Riziki kwa simu mara mbili. Waliongea habari za baridi, za watoto, za magoti. Lile neno hakulisema, wala safari yetu hakuigusa, na mimi sikumweleza Riziki. Nilidhani labda atalisema mara ya tatu, lakini mvua za masika zilimkuta na kifua, na hapakuwa na mara ya tatu.

Tulipokwisha kumzika, Riziki alinipigia. Alilia, halafu akauliza jambo ambalo nadhani lilikuwa linamla tangu siku ile. Aliuliza kama baba alikufa akiwa bado amemkasirikia, kwa kuwa hakuja kumuaga.

Hapo nikamweleza. Nilimweleza habari za dirisha, za mwalimu, za mihogo niliyokuwa napalilia, za mama yule na kiti chake, na za neno baba alilotaka kumwambia akimwangalia machoni. Sikujibakizia kitu.

"Kumbe alikuja," akasema.

"Alikuja," nikamwambia. "Ni mimi nilimuchelewesha."

Tangu siku hiyo ananipigia kila Krismasi. Amenisamehe, amesema hivyo. Lakini baba na yeye hawakuonana, na hilo msamaha wake hauwezi kulirudisha.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza ninachokuomba. Ukinunua tikiti, iwe ya basi, ya meli, ya ndege, au ya hizo treni mnazosafiria huko mbali, usione haya kusimamisha mstari. Uliza ni ya siku gani na saa gani. Uliza kama inabadilika, na mwisho wa kubadilisha ni lini, kwa sababu kubadilika kwake nako kuna saa ya kufungwa. Uliza kama siku hiyo ni ya msongamano, shule zinafunguliwa au sikukuu imekaribia, maana siku hizo sheria za kawaida hulala na nyingine huamka. Ukiona safari yako inategemea ratiba ya mtu mwingine, nunua ile inayosogezwa, hata kama ni ghali. Na ukisikia mambo yamebadilika, nenda siku hiyohiyo. Mihogo itangoja.

Na ikiwa kiti kimebaki kimoja, mpe mwenye safari. Usimzuie kwa ajili ya sura yako. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kuliko hata dirisha.

Mungu akujalie kufika, mwanangu. Akujalie kuwakuta unaowaendea bado wamesimama wanakungoja, na nafasi ya kuwaambia yote uliyowabebea. Na wanaotoka mbali kuja kwako, Mungu awafungulie njia, wakukute mzima, mlango wako ukiwa wazi. Amina.