Damu Kutoka Bondeni

Hedhi ilishanikoma zamani, kwa hivyo siku nilipokojoa mkojo mwekundu kama juisi ya tikiti, nilishikwa na kiwewe. Sikujua hata niswali au nisiswali. Nikamwambia wifi yangu, ambaye tunalima naye mpunga bonde moja huku Msambweni. Akaangua kicheko. "Ala! Umerudia usichana? Basi kaka yangu ana bahati!" Nilimnunia siku nzima.

Hospitalini, daktari kijana aliniamkia shikamoo, kisha akanihoji kama askari. Damu huja mwanzo wa mkojo au mwisho? Kiuno chauma? Kuna dawa yoyote ninayomeza? Nikamwambia huja mwisho mwisho, tena kwa kuchoma. Akataka mkojo wa saa sita mchana, si wa asubuhi, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana. Yakaonekana. Nikapigwa pia picha ya kibofu. Kuta zimekuwa nene, lakini uvimbe hakuna. Alhamdulillahi, nilisema, machozi yakinitoka.

"Mama, dawa nitakupa na utapona. Lakini usiingie tena maji yale ya bondeni, ndiyo yenye kichocho. Ukiambukizwa kila mara, kibofu huweza kupata saratani."

"Mwanangu, na mpunga nitaupanda wapi, kitandani?"

Akainama kuandika dawa. Nilimkasirikia bure; lile bonde ndilo linalotulisha, na yeye hakulichimba.

Mume wangu akaninunulia mabuti marefu ya mpira. Mvua zilipokolea na miche ikawa tayari, mkojo wangu ulikuwa umeshakuwa safi. Nikaingia bondeni kwa madaha, wifi akinipigia vigelegele. "Haya, bwana shamba huyo!" Hatua chache tu, tope likalishika buti la kulia. Nikavuta. Likakataa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mguu ukatoka, buti likabaki.

Nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo, ule mtupu hewani, miche mkononi. Nyuma maji, mbele maji. Niliogopa, wallahi niliogopa. Nikamtazama wifi. Hakuwa akicheka tena. Yeye hakuwa na mabuti. Maji yalimfika magotini.

"Shusha tu mguu, wifi," akasema polepole. "Mimi hiyo damu naikojoa siku nyingi."

Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kutetemeka. Nikasema bismillahi, nikaushusha ule mwingine.