Siku kundi la nyuki lilipotua mwilini mwa binti yangu juu ya kilima cha mawe, Samuye

Wakuu, salaam kwenu. Walionizidi umri shikamooni, rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji kuliko mwandishi. Hii story nimekaa nayo tangu likizo ya mwezi wa sita. Nimeisimulia kazini mara mbili, na mara zote mbili watu wamecheka wakasema nimeongeza chumvi. Sijaongeza. Kuna sehemu nimepunguza, maana nikiisema nzima mwili unanisisimka.

Niwape picha kwanza.

Mimi ni fundi wa pampu, nipo Geita. Natengeneza pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nimezaliwa Masasi ila nimeoa Msukuma, kwao ni Samuye, Shinyanga Vijijini. Tuna mtoto mmoja, binti anaitwa Limi, ana miaka tisa.

Limi hatulii. Sisemi kwa kumsingizia, ndivyo alivyo. Mwalimu wake aliwahi kuniita shuleni akaniambia, "Baba Limi, mtoto ana akili, lakini kwenye kiti hakai dakika mbili." Nyumbani anakula akiwa amesimama, anasoma akiwa anaruka kamba. Shikeni hilo, ndilo lililonitoa jasho.

Sasa kwa miaka yote tukienda ukweni huwa ni msiba au harusi. Unafika, unasalimia, unakula, unarudi. Mwaka huu mke wangu akasema hapana, safari hii twende kumtembeza mtoto tu. Aone alikokulia mama yake. Nikaona ni wazo zuri. Tukapanda basi, tukapita Kahama, tukashuka Tinde, tukamalizia na bodaboda mbili hadi kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu namheshimu sana, lakini hatukuwa na mazoea. Huku ukwe una mipaka yake. Miaka kumi na moja nimeoa kwake, hatujawahi hata kushikana mkono. Namsalimia kwa mbali kidogo, nimeinamisha kichwa, anaitikia, basi. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mke wangu, mke wangu ananiambia mimi, wakati wote watatu tumekaa uani pamoja.

Siku ya tatu tukapanga hiking ya kupanda kilima.

Kwa asiyeijua Shinyanga: nchi ni tambarare, halafu ghafla unakuta kilima cha mawe matupu, mawe makubwa kuliko nyumba, moja limekaa juu ya jingine kama kuna mtu aliyapanga akaondoka. Mimi kwetu Masasi milima ya mawe nimeikulia, kwa hiyo nikajifanya mwenyeji. Nikamwambia mke wangu hicho kilima chenu nusu saa tu tuko juu.

Tuliondoka asubuhi wanne: mimi, mke wangu, Limi na mama mkwe. Mama mkwe hatukumtarajia. Alitoka ndani amejifunga kitenge kiunoni, ameshika kikapu cha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akaanza kutembea mbele bila kumuuliza mtu. Ana zaidi ya miaka sitini.

Njiani ilikuwa raha tupu. Watu walikuwa mashambani wanachuma pamba, Limi akaingia akachuma naye, akarudi na pamba kwenye nywele. Tukapita pembeni ya ngitili, ile sehemu ambayo Wasukuma hawalishi ng'ombe masika yote ili majani na miti ijirudie, wakaja kuitumia kiangazi kikikaza. Mke wangu akaniambia ngitili ile ni ya ukoo wao, na marehemu baba yake ndimo alimokuwa akitundika mizinga ya nyuki.

Nikasema sawa.

Nusu saa yangu ikawa saa moja na nusu. Mama mkwe alifika juu kabla yangu.

Wakuu, kule juu sijui niwaelezeje. Mwanaume nimezoea kushuka. Kazi yangu ni kuinama kwenye shimo lenye giza na matope, nasikiliza pampu inasemaje. Siku ile nikasimama juu ya jiwe na hakukuwa na kitu kinachonizuia macho. Mashamba, malambo yanang'aa, vumbi la ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na barabara ya lami nyembamba kama uzi. Malori yalikuwa yanatambaa huko chini bila sauti. Mke wangu akanyoosha kidole, "Maganzo ni kule, kwenye almasi." Mimi sikuona kitu zaidi ya ukungu wa joto, lakini nikatikisa kichwa.

Tukala. Tukapiga picha. Limi akawa anakimbiza mijusi kafiri, wale wenye vichwa vyekundu, kutoka jiwe hili hadi jiwe lile. Alikuwa amevaa kofia ya mama yake, ya ukili, yenye ukingo mpana.

Ilikuwa kama saa saba mchana nikasikia sauti.

Kwa akili ya kazi yangu nilijua ni pampu. Ile sauti ya mota inayozunguka bila maji, iko mbali, halafu inasogea. Nikawa najiuliza nani ana pampu juu ya kilima. Nilipogeuka nikaona kitu kama moshi wa kahawia kinatoka upande wa mabondeni, kinapanda na upepo, na ndani yake vitu vinametameta.

Mama mkwe akasema neno moja tu kwa Kisukuma. "Nzuki."

Nyuki.

Hatukupata muda wa kushuka. Lile wingu likafika juu yetu, jua likapungua kabisa, nikaona kivuli chake kinapita kwenye jiwe. Mke wangu akajikunyata chini. Mimi nikafunika kichwa kwa mikono. Halafu lile wingu likaacha kwenda. Likaanza kuzunguka sehemu moja, likashuka, likajikusanya.

Likatua kwa Limi.

Alikuwa amesimama kwenye jiwe la jirani, hatua kama nane kutoka nilipokuwa. Walianza kwenye kofia. Wachache, halafu wengi, halafu sikuiona kofia tena. Wakashuka begani, kifuani, mkono wa kushoto wote hadi kwenye kiwiko. Walining'inia kidevuni kama ndevu. Upande mmoja wa uso ulifunikwa na upande mwingine ukabaki wazi, na jicho lake moja likawa linaniangalia mimi.

Wakuu, mimi machimboni nimefundishwa kitu kimoja. Hatari ikitokea usifikiri, kimbia, na kama kuna mtu mvute. Nikavua shati. Akilini nilishaona kila kitu: naruka, nampiga nalo, nambeba, nashuka naye.

Nilipochomoka, mtu akanidaka mkono.

Alikuwa mama mkwe. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mama wa umri ule, na akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kupitia kwa mtu, "Baba Limi, usimguse."

Nikamwambia, "Mama, mtoto atakufa."

"Kuna aliyemchoma? Angalia. Amelia?"

Nikaangalia. Hakuwa amelia.

"Hawa wanahama," akasema taratibu. "Hawana nyumba ya kulinda. Wameshiba asali, wamepumzika tu. Wakianza kuchoma tutakimbia wote. Lakini bado hawajachoma. Ukimpiga na hilo shati ndipo watamchoma. Ongea naye. Macho yake yako kwako."

Nikalivaa shati. Sijui kwa nini nililivaa, labda nilitaka mikono iwe na kazi. Nikasogea polepole mpaka hatua kama nne, nikachuchumaa.

"Limi," nikasema. "Tulia mama yangu. Usijibu. Funga macho."

Akafunga lile jicho. Nyuki mmoja akapita juu ya kope lake, anatembea kama yuko nyumbani.

Halafu nikakosa cha kusema. Baba mzima, mwanao yuko katikati ya kifo, na huna maneno. Nyuma yangu namsikia mke wangu anasali kwa kunong'ona. Basi nikaanza kusema kitu pekee ninachokijua vizuri, nikamfundisha pampu. Nikamwambia maji yanaingilia wapi, feni inazungukaje, kwa nini sili, ule mpira wa kuzuia maji, ikichakaa maji yanarudi. Nikamweleza jinsi ninavyosikiliza bomba kwa sikio. Nikamwambia siku ya kwanza kushuka kwenye duara niliogopa, nikasimama kwenye ngazi katikati, siwezi kupanda siwezi kushuka, na fundi wangu alikaa kule juu akawa ananipigia soga tu mpaka miguu ikarudi. Hiyo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Na mtoto asiyekaa kwenye kiti dakika mbili akasimama tuli.

Kwa makadirio yangu ni dakika arobaini. Mke wangu anasema ilifika saa nzima. Hakukunja hata kidole.

Kuna wakati hofu ilifika mwisho, nikabaki kuangalia tu. Sikuwahi kuwaona nyuki hivyo. Walikuwa wameshikana miguu kwa miguu kama mnyororo, wanapumua pamoja, ngozi moja inayopanda na kushuka. Jua likiwapiga wanakuwa rangi ya chai, halafu dhahabu. Nafanya kazi Geita, dhahabu naijua. Ile ilikuwa nyingine. Na katikati yake mwanangu, anapumua nao. Nikajikuta nalia na sijui ni kwa woga au kwa nini.

Halafu sauti ikabadilika, ikapanda juu. Mama mkwe akasema, "Wanaondoka."

Wakaondoka kama mtu anavyomfunua mwingine shuka. Begani kukawa wazi, kifua, kofia ikaonekana. Lile wingu likasimama juu yetu kidogo, likainama, likateremka kilima kuelekea kwenye ngitili.

Limi akafungua macho. Nikamrukia, nikamkumbatia kwa nguvu zote, na nyuki mmoja aliyekuwa amebaki mgongoni kwake akanichoma kiganja. Ndiye pekee aliyechoma mtu siku ile, na kosa lilikuwa langu.

Nilipomgeukia mama mkwe nimshukuru, alikuwa amekaa chini. Karanga zimemwagika miguuni pake. Nikamuuliza, "Mama, ulijuaje kwamba hawatamdhuru?"

Akaanza kuzoa karanga. Akasema, "Sikujua. Nilimwona marehemu mzee akiwaacha wapite. Wakitua kwa mtu sijawahi kuona. Na mimi nilikuwa naogopa, ningefanya nini?"

Tukashuka, mimi nimemshika Limi mkono huu, mama mkwe amemshika ule.

Njiani ndipo Limi alipoanza kuongea. Nilimuuliza alisikiaje. Akafikiri. "Walikuwa na joto, baba. Na wazito. Kama mtu amelala juu yangu." Baada ya hatua kadhaa akasimama kwenye majani, akauliza, "Sasa nyumba wamepata?"

Kwa hiyo kesho yake asubuhi tukaingia ngitili wote wanne kuwatafuta. Mama mkwe alituongoza akiwa anasikiliza zaidi ya kuangalia. Tuliwakuta kwenye mkwaju mkubwa wenye tundu, wanaingia na kutoka. Hatukusogea karibu. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekwenda kwa upande wa nyuma, akaweka kiganja kwenye shina, akakaa hivyo muda mrefu. Aliporudi akasema, "Wamefika."

Sasa msije mkanielewa vibaya. Nyuki wanaua. Wakishaanza kuchoma usikae kumwelezea mtu pampu, toka mbio, funika uso, ingia ndani. Sisi tulikutana na waliokuwa safarini, na tulikuwa na mtu aliyewajua nyuki kutuzidi sisi wote, na mwenye utulivu kutuzidi.

Nilichojifunza mimi ni kimoja. Nilidhani kumlinda mtoto ni kufanya kitu. Siku ile mikono yangu, ambayo ndiyo inayotulisha, ndiyo ingemuua. Kuna saa kazi ya mzazi ni kuchuchumaa hatua nne kutoka kwa mwanao na kuendelea kuongea.

Mama mkwe sasa ananipigia simu mwenyewe, bila kupitia kwa mke wangu. Hilo nalo ni jipya.

Wafugaji wa nyuki mliomo humu, naomba mnisaidie: kwa nini yeye, na tulikuwa wanne pale juu? Rangi ya kofia? Pamba kwenye nywele? Au kwa sababu alikuwa mfupi? Na anayeona nimetunga aseme tu, sitanuna. Mimi mwenyewe nikimwangalia sasa hivi anavyoruka uani, nashindwa kuamini kwamba ni yule yule.