Nilivyofunga Kisima kwa Jina la Darsa

Haya nayaandika uso ukiniwaka. Mtu wa Changamwe akiwahadithia kwamba Saidi Mwinyi alitolewa kisimani bila kikoi, mchana wa Ramadhani, mbele ya wake za watu, msimbishie, ni kweli tupu, ila yeye atawaficha walionitia mle na mimi nitawataja: wa kwanza Athumani Mbwana, jirani yangu, na wa pili masikio yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka mmoja au miwili kabla ya uhuru. Nyumbani kwangu palikuwa na kisima cha maji matamu (vya wenzangu vyote vilikuwa vya chumvi, hata chai haikunyweka), na nyuma ya ua wangu vilijengwa vyumba vya kupangisha, wakaja watu wa bara wafanyao kazi gatini Kipevu, wake zao wakawa wanateka kwangu. Hawakunikosea neno. Lakini nikiona madebe yao yamepangwa roho ilinichafuka, nikijiuliza mikono ile imeshika nini.

Ramadhani hiyo Mwalimu Shee alikuwa akija kutoka mjini kutusomesha darsa baada ya alasiri, na siku moja akasomesha habari za maji. Akaanza na twahara, kwamba maji yatunzwe, yasitiwe uchafu. Athumani akanisukuma kwa kiwiko. "Wasikia? Wapangaji hao." Nikaitikia kwa kichwa, na tangu hapo Mwalimu alisema mengi, wallahi nilikuwapo na nilikuwa macho, lakini sikutoka na hata moja, maana nishapata nilichokitaka, nikawa nawaza kufuli nitalitia upande gani.

Kesho yake nikanunua kufuli, nikazifungia kamba na ndoo ndani ya nyumba, na wanawake walipokuja kuteka maji ya futari nikapanda juu ya kifuniko cha mbao ili nionekane vizuri (nani aliyenituma nipande, sijui mpaka leo). Nikawaambia Mwalimu kasema maji ya Waislamu yasiguswe na kila mkono. Hakusema hivyo, nilitia langu. Mke wa Okumu, mama mpole sana, akaniuliza, "Bwana Saidi, mtoto wangu ana homa tangu jana. Hayo ya chumvi anayatapika. Nimpe maji gani?"

Nikainua kidole juu nimjibu kwa sauti ya msikitini, na ubao ukavunjika.

Kikoi kilinaswa na msumari kikabaki juu, mimi nikenda chini. Maji yalinifika kidevuni, nimesimama kwa ncha za vidole juu ya jiwe lenye utelezi, na kila nikiteleza nayanywa. Athumani akachungulia na wenzake wawili waliokuwa wakitoka msikitini.

"Saidi, u hai?"

"Ni hai. Leta kamba."

"Huyu keshakunywa," akasema mmoja, "saumu yake imekwenda."

"Haikwenda, hakukusudia," akasema Athumani. "Mimi nauliza kisima. Jana Mwalimu alisema maji yatunzwe, sasa mtu mzima yumo ndani."

"Hilo ndilo ulilosikia wewe mwenye kisima," akasema wa tatu, ambaye hana kisima. "Mimi nilisikia kwamba mwenye maji ya ziada akimnyima mwenziwe, na Mungu siku ya mwisho atamnyima fadhila Zake."

Wakashindana hapo juu, huyu akitoa kipande chake na huyu chake, na mimi huko chini, meno yakigongana, nikaisikia darsa nzima kwa mara ya kwanza.

Aliyenitoa ni Okumu. Alirudi kutoka kazini na kamba nene ya melini begani, akawaambia, "Sogeeni, mtu anakufa," kisha akaniita, "Bwana Saidi, jifunge chini ya kwapa." Akavuta yeye na mkewe, mkono kwa mkono, mpaka nikatoka kama nilivyozaliwa. Mama yule akageuza uso akanitupia leso yake ya kujitanda, ya maua mekundu. Bado hajanitazama, akasema, "Sasa debe langu nijaze, ama Mwalimu bado amekataa?"

Nilikwenda ndani na leso kiunoni, nikamletea kamba na ndoo. Mtoto wake alipona. Na mimi nilipona, alhamdulillahi, maana jiwe lile lingenitupa mara moja tu zaidi, Athumani angekuwa bado anatafuta hukumu.

Siku ya Idi nilimwendea Mwalimu, kichwa chini. Nikamuuliza, "Mwalimu, darsa ile ulikuwa ukinisema mimi?"

Akanitazama sana. "Kwani wewe una kisima?"

Basi nimeapa. Athumani sikai naye tena safu moja. Na neno la dini likinijia tamu mno, nikaona lamfaa jirani kuliko mimi, huinua mkono nikamwomba Mwalimu alirudie tangu mwanzo, na wacheke wanaocheka.