Masizi ya Sufuria la Bibi

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kutumwa majini peke yangu, bibi alinikanya jambo moja kila asubuhi: sufuria lenye masizi halioshwi ziwani. Chota maji, panda nayo juu, osha huko. Ziwa likipakwa masizi, alisema, hulipiza kwa upepo.

Siku tuliyosafiri kwenda msibani Chiwanda nilichelewa kuamka. Biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa imejaza maduka ya Liuli, na bibi alikuwa amepata sufuria lake la kwanza jipya. Nilitaka aliache nyumbani liking'aa. Nikalizamisha ziwani, nikalisugua kwa mchanga mpaka maji yakawa meusi miguuni pangu. Nilipoinua kichwa nilimwona Mjomba Lukasi, mdogo wake mama, amejilaza kando ya mitumbwi na pombe ya jana, jicho moja wazi.

Mjomba huyo, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo, tena mwizi wa usipa, dagaa wetu wa ziwani, wakiwa bado chanjani. Akikwambia kumekucha, toka nje ukahakikishe.

Tulikuwa sita mtumbwini, mjomba naye akiwemo. Tulipopita miamba, mwera ukavuma, ule upepo wa kusini usio na adabu, na maji yakaanza kuingia. Mzee Komba, mwenye mtumbwi, akauliza kama ilivyokuwa desturi, kasia mkononi.

"Nani amelikosea ziwa? Aseme, ashuke, wengine tupone."

Jirani yetu, aliyezika mtoto mwezi ule, akamgeukia bibi.

"Bibi, si useme tu? Sote tunakujua."

Nilijua maana yake. Minong'ono ya uchawi ilikuwa imeanza tangu mazishi yale, na kikongwe akishushwa kwenye mawimbi kama yale hafiki ufukweni. Nilifungua mdomo, ulimi ukakataa. Niliogopa kufa, basi.

"Mwacheni mama yangu," mjomba akasema. "Ni mimi. Leo asubuhi nimesugua sufuria la masizi ziwani."

"Wewe?" Mzee Komba akashangaa. "Wewe uoshe sufuria?"

"Nilikula kilichokuwemo, mzee. Ningelirudisha chafu wakajua?"

Hapo wakamwamini. Hakunitazama hata kidogo. Alivua koti lake la mtumba, akanitupia, akashuka. Niliona kichwa chake kikizama na kuibuka kuelekea kwenye miamba, mpaka mawimbi yakamficha. Bibi alimwita mara moja tu, kwa jina lake la utotoni.

Upepo ukatulia kabla hatujafika. Mkosaji mwenyewe alikuwa bado mtumbwini, amekumbatia koti, na upepo ukatulia.

Mjomba alitufikia msibani kesho yake, magoti yamechubuka, na kitu cha kwanza alichoomba ni pombe. Lakini tangu siku ile hakuna mtumbwi uliompakia. Mtu aliyezaliwa ziwani akawa wa kupanda vilima kwa miguu, awe anakwenda Mbaha au popote, mpaka uzeeni. Bibi alimlaumu kwa sufuria lile hadi alipofariki. Mjomba alikuwa akicheka tu, huku akinikonyeza.

Sikusema. Kwanza ilikuwa hofu, baadaye aibu, mwishowe mazoea. Tangu hapo nimekutana na watu wanyofu wengi, nami nawaheshimu. Ila nikisikia mtu anasifiwa kwamba hajawahi kusema uongo, huwa najiuliza angefanya nini mtumbwini siku ile. Maana hata mimi sikusema uongo wowote. Nilinyamaza tu.